Kaliba: Kwa Nini Risasi Ilikonda, na Nani Aliachiwa Ile Nene

Ukisikiliza mpira redioni hukosi kumsikia mtangazaji akisema timu fulani inahitaji "mshambuliaji wa kaliba ya kimataifa". Neno hilo lina safari ndefu kuliko mpira wenyewe. Wataalamu wengi wa lugha hulirudisha kwenye Kiarabu, *qalib*, chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa ili yapate umbo. Wahunzi wa Kiswahili wanalo ndugu yake, kalibu. Huko Ulaya likawa jina la kipenyo cha mtutu wa bunduki, na baadaye likaturudia likiwa na maana zote mbili: upana wa tundu la bunduki, na uzito wa mtu.

Leo tushike maana ya bunduki. Swali letu ni hili: mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, askari wengi wa jeshi la Kijerumani katika nchi hii waliingia vitani na bunduki ya kaliba ya milimita 11, iliyobuniwa mwaka 1871. Huko Ujerumani kwenyewe jeshi lilikwisha kuipa kisogo tangu 1888, likachukua kaliba nyembamba ya karibu milimita 8. Kwa nini dunia iliikimbia risasi nene? Na kwa nini askari wetu waliachiwa hiyo hiyo?

Tuanze na fizikia, maana bila hiyo historia yote itaonekana kama bahati mbaya tu.

Hesabu ya uwanda wa Gairo

Ukitoka Morogoro kwenda Dodoma, ukishapita Dumila barabara inapanda, hewa inapoa, na unatokea Gairo. Milima ya Ukaguru ipo jirani, lakini pale penyewe pana nafasi: mashamba, vichaka vifupi, na jicho linafika mbali. Chukulia umesimama pale, na mbele yako, mita 400, kuna ubao umesimikwa. Una bunduki mbili. Ya kwanza ni Mauser ya 1871: kichwa cha risasi ni cha madini ya risasi tupu, kina gramu 25, kinatoka mtutuni kwa kasi ya kama mita 430 kwa sekunde. Ya pili ni Mauser ya 1898 yenye kaliba ya milimita 7.92: kichwa kina gramu 10 tu, kimechongoka, kinatoka kwa kama mita 880 kwa sekunde.

Kwanza nguvu. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa kasi mara kasi. Angalia vizuri: kasi inahesabiwa mara mbili, tungamo mara moja. Kichwa kinene kinabeba jouli kama 2,300. Kile chembamba, chenye uzito usiofika nusu ya mwenzake, kinabeba kama 3,900. Kumbe kukonda si kudhoofika, ili mradi umeongeza kasi.

Pili kuanguka. Kichwa cha risasi kikishatoka mtutuni kinaanza kuanguka papo hapo, sawasawa na embe linalodondoka mtini. Tusahau hewa kwa muda ili hesabu iwe rahisi. Kufika mita 400, kile kinene kinatumia sekunde 0.93, na kwa muda huo kitu chochote huanguka mita 4.2. Kile chembamba kinatumia sekunde 0.45, na kinaanguka mita 1 tu. Ndiyo maana bunduki ina kioo au bati la kulengea linalopandishwa na kushushwa: unainua mtutu kufidia anguko.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Hakuna mtu aliyekuwa na kipimo cha leza mwaka 1914. Umbali ulikadiriwa kwa macho. Tuseme umekadiria mita 400 kumbe ni 450. Kwa bunduki ya 1871 risasi itapita chini ya ulipolenga kwa sentimita 60 hivi. Ulilenga kifua, umepiga paja, au hujapiga kitu. Kwa ile ya 1898 kosa lile lile linakugharimu sentimita 15. Na tukiirudisha hewa kwenye hesabu, pengo linazidi, maana hewa humpokonya kasi yule aliye butu mapema zaidi. Hata upepo wa ubavuni hupata muda mrefu zaidi wa kumsukuma yule anayechelewa njiani.

Kwa hiyo risasi nyembamba haikushinda kwa sababu ni ya ajabu. Ilishinda kwa sababu inamsamehe mpigaji anapokosea. Ukiwa na jeshi la watu maelfu, ambao wengi si mafundi wa kulenga, msamaha huo ni mali kubwa.

Lakini kwa nini haikukonda mapema?

Kwa sababu ya baruti. Baruti nyeusi, ile mchanganyiko wa mkaa, kiberiti na shura iliyotumika kwa karne nyingi, ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kitu kigumu, si gesi. Sehemu inatoka kama wingu jeupe la moshi, sehemu inaganda ndani ya mtutu kama masizi ya chungu. Ukiufanya mtutu uwe mwembamba sana, masizi yanaujaza haraka. Na kasi yake ina kikomo. Ukitaka kupiga kwa nguvu kwa baruti nyeusi, njia iliyobaki ni kuongeza unene na uzito wa risasi.

Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti inayoungua karibu yote ikawa gesi, bila wingu la moshi. Miaka miwili baadaye Ufaransa ikatoa bunduki ya Lebel ya milimita 8, na majeshi ya Ulaya yakakimbizana. Madini ya risasi tupu hayakuweza kuvumilia kasi hiyo, hivyo kichwa kikavalishwa koti la chuma au shaba. Kwanza kikawa kirefu na chembamba chenye ncha ya mviringo, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani wakakichonga kikawa na ncha kali na wakakipunguza uzito kutoka gramu 14.7 hadi 10.

Msomaji anayependa habari za porini atauliza: si risasi nene ndiyo inayoua mnyama mkubwa? Swali hili liligombaniwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwindaji Mwingereza Frederick Selous alipoanza kuwinda tembo kusini mwa Afrika miaka ya 1870, alitumia bunduki ya kushindilia ya kipimo cha "nne", yaani gololi nne zinatimiza ratili moja ya madini ya risasi: kila moja karibu gramu 113. Miongo michache baadaye Mskoti mmoja, W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda na kwingineko, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa kaliba ya milimita 7, kichwa cha gramu 11. Siri yake haikuwa bunduki. Alipasua fuvu la tembo akajifunza ubongo umekaa wapi hasa, akaja karibu, akapiga pale. Wengi waliomwiga bila kujifunza waliacha wanyama waliojeruhiwa msituni, na ndiyo maana sheria za uwindaji katika nchi nyingi za Afrika huweka kaliba ya chini kwa wanyama wakubwa, mara nyingi kama milimita 9.5. Sheria haimwandikii Bell. Inamwandikia yule asiyejua fuvu lilivyo.

Kaliba iliyoamuliwa Brussels

Sasa turudi kwa watu. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza nchi ya Wakaguru na Wasagara, kupitia Mamboya na Mpwapwa, si mbali na Gairo ya leo. Meno ya tembo yalishuka, nguo na shanga vikapanda, na pamoja navyo magobore. Gobore ni bunduki ya kushindilia mdomoni, yenye mtutu laini ndani. Bunduki ya kisasa ina michirizi inayozunguka ndani ya mtutu, inayoipa risasi mzunguko kama pia ya watoto, nayo pia ikizunguka haiyumbi. Gololi ya gobore haina mzunguko huo. Ndani ya mita 50 ni hatari. Ukivuka 100 unapiga kwa matumaini.

Mwaka 1890, wakuu wa mataifa ya Ulaya na wengine walisaini Mkataba wa Brussels. Jina lake kubwa ni kukomesha biashara ya utumwa, na kweli una vifungu vingi vya hilo. Lakini una pia vifungu vya silaha. Katika eneo la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, Waafrika walizuiwa kuuziwa bunduki zenye michirizi na risasi za kisasa. Kilichoruhusiwa, tena kwa masharti, ni bunduki ya gumegume yenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Soma tena kwa jicho la fizikia uliyosoma hapo juu. Mezani pale palikatwa umbali: hawa watapiga mita 80, wale watapiga mita 400 na zaidi. Hoja ya kuzuia silaha za wawindaji wa watumwa ilikuwa na ukweli ndani yake, ila waliobaki na bunduki nzuri ni hao hao waliokuwa wakija kutawala.

Miaka 15 baadaye, katika Vita vya Majimaji, pengo hilo lilionekana kwa namna mbaya kabisa. Wapiganaji wengi walikuwa na mikuki, mishale na magobore. Tarehe 30 Agosti 1905 waliposhambulia boma la Mahenge walikutana na bombom mbili. Ahadi ya dawa kwamba risasi zitageuka maji mara nyingi husimuliwa kama ujinga. Mimi naiona pia kama jibu kwa tatizo halisi la umbali: mtu mwenye silaha ya mita 80 anapaswa kuvuka mita 300 za wazi huku anapigwa. Lazima apate kitu cha kumpa moyo wa kuzivuka.

Kulikuwa na jibu jingine, nalo lilitolewa na Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891 kule Lugalo, karibu na Iringa, watu wa Mkwawa walikivizia kikosi cha Emil von Zelewski, kikiwa safarini katika njia nyembamba. Askari wa Zelewski walikuwa na Mauser. Wahehe walilala vichakani hadi msafara ulipokuwa hatua chache tu kutoka kwao, ndipo wakainuka. Ndani ya dakika chache Zelewski na wengi wa watu wake walikuwa wamekufa, na Wahehe walichukua bunduki karibu 300. Bunduki ya kupiga mbali haina faida kama adui hakukupa huo umbali.

Tanga, moshi na nyuki

Jeshi la Kijerumani lililoanzishwa na Hermann Wissmann mwaka 1889 lilipewa Mauser za 1871. Ujerumani ilikuwa ndiyo kwanza imebadilisha silaha za jeshi lake la nyumbani, kwa hiyo maghala yalijaa za zamani, nazo zilionekana zinatosha kwa "kazi za koloni". Zilikaa robo karne. Mwaka 1914, kati ya kampuni 14 za jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, ni sehemu tu zilizokuwa zimepata bunduki mpya.

Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga jeshi la watu kama 8,000, wengi kutoka India. Lettow alikuwa na watu kama 1,000. Wenye risasi nene na moshi walishinda. Walijua eneo, walikuwa na bombom zilizopangwa vizuri, adui alikuwa amechoka na safari ya meli na hakuwa na mpango, na juu ya yote nyuki waliotimuliwa na risasi wakawashambulia watu pale. Mapigano yalikuwa ndani ya mashamba ya minazi, mpira na vichaka, mahali ambapo huoni mita 100. Ile faida yote ya mita 400 haikupata nafasi ya kujionyesha.

Ila moshi ulijionyesha. Lettow mwenyewe ameandika katika kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1920, jinsi baruti yenye moshi ilivyowaponza askari wake: ukipiga mara moja, wingu jeupe linasimama juu ya kichaka ulichojificha, na kila mwenye macho anajua ulipo. Aliye na baruti isiyo na moshi anakupiga, na wewe hujui risasi imetoka wapi. Hii ndiyo gharama ya kaliba ya zamani, na haikulipwa na aliyekaa Berlin na kuamua kwamba zile za ghalani zinatosha. Aliyelipa ni kijana wa Kinyamwezi, Kisukuma au Kimanyema aliyelala nyuma ya kile kichaka.

Ndiyo maana ngawira ya Tanga ilithaminiwa kuliko ushindi wenyewe: bunduki za kisasa na risasi za kutosha kuzipa kampuni tatu silaha mpya. Aprili 1915 meli ya Kijerumani *Rubens*, iliyojifanya ya Kidenmaki, ilikwepa doria hadi Ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga, ikapigwa na manowari ya Kiingereza na kuzama kwenye maji ya kina kifupi. Shehena yake iliopolewa, na risasi zilizolowa zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa juani kama dagaa, zikafungwa tena. Nyingi zilikataa kulipuka. Bado zilionekana bora kuliko moshi.

Uzito uliobebwa kichwani

Kuna jambo moja la kaliba ambalo vitabu vya silaha hulipitia haraka. Risasi moja kamili ya Mauser ya 1871, pamoja na ganda na baruti, ina uzito wa kama gramu 43. Ile ya 7.92 ina kama gramu 24. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 25. Bila kuhesabu sanduku, mpagazi anabeba risasi nene 580, au nyembamba 1,040. Yaani jeshi linalotumia kaliba nene linahitaji karibu vichwa viwili pale ambapo jingine linahitaji kimoja.

Agosti 1916 Waingereza walipoiteka Morogoro, Wajerumani walirudi nyuma kupitia Uluguru kuelekea Kisaki. Kama umewahi kupanda njia za Uluguru wakati wa mvua unajua kilo 25 maana yake nini. Kule juu, ndani ya ukungu na misitu, hakuna wa kumwona mwenzake mita 400. Hesabu yetu ya Gairo haina kazi. Hesabu ya mzigo inabaki palepale. Katika vita vile pande zote mbili zilikokota wapagazi kwa malaki. Kwa upande wa Waingereza peke yake waliohesabiwa kufa ni zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Jina Kariakoo lilibaki Dar es Salaam kutokana na kikosi chao.

Kusini mwa Uluguru, Beho Beho, tarehe 4 Januari 1917, Selous, yule yule wa gololi za gramu 113, aliuawa na mdunguaji akiwa na umri wa miaka 65. Kaburi lake lipo katika eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Maisha ya mtu mmoja yalitosha kuona gobore la tembo na bunduki isiyotoa moshi.

Na Mauser za 1871? Novemba 1917 Lettow alivuka Ruvuma akaishinda ngome ya Wareno kule Ngomano, akawapa askari wake bunduki za Kireno na kuachana na nyingi za zamani. Alipojisalimisha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zilizokabidhiwa zilikuwa zaidi ya 1,000, za Kiingereza na za Kireno. Wale askari walipata kaliba waliyostahili tangu mwanzo, lakini kwa kuipokonya mikononi mwa adui.

Kwa hiyo ukiona bunduki ya zamani makumbusho, au gobore lililokabidhiwa polisi likionyeshwa kwenye taarifa ya habari, usiishie kuuliza inaua nini. Uliza inafika umbali gani, nani aliamua ifike hapo, na nani alizibeba risasi zake. Majibu ya maswali mawili ya kwanza mara nyingi yapo kwenye kumbukumbu za serikali. La tatu halipo. Lipo kwenye hadithi za familia, za babu wa babu aliyechukuliwa kubeba mizigo na hakurudi. Kama kwenu Gairo, Mamboya, Kisaki au Mgeta kuna mzee ambaye bado anazo, mwombe akusimulie, na uiandike mwaka huu, usiseme mwakani.